Kimya cha Miaka 33

Mwaka 1961 mwanamume mmoja nchini Denmark aliugua kifua kikuu. Vimelea vilivyotoka mwilini mwake vilioteshwa maabara, vikahifadhiwa Copenhagen pamoja na vya wagonjwa wengine wa enzi hiyo, na habari yake ikaishia hapo. Miaka ikapita. Kifua kikuu kikapungua Denmark hadi kikawa ugonjwa wa nadra. Kisha, mwaka 1994, mwanawe akaugua. Wataalamu walipokuja kulinganisha alama za vinasaba za vimelea vya zamani na vya sasa, wakakuta kimelea cha mtoto ni kilekile cha baba. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002, na maelezo yaliyoingia akilini yalikuwa haya: mtoto aliambukizwa na baba yake miaka ile ya sitini, akakua, akafanya kazi, akaishi maisha yake, na muda wote huo alikuwa amembeba mgeni asiyepiga hodi wala kuaga. Miaka 33.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini kimya hiki kilikaa wapi? Kimelea cha kifua kikuu ni kiumbe hai. Kinahitaji chakula, kinahitaji pa kulala, na kinaishi ndani ya mwili wenye askari wanaozunguka usiku na mchana. Mtu hawezi kukaa miaka 33 katika nyumba ya watu bila kuwa na chumba. Madaktari wamekitafuta chumba hicho kwa zaidi ya miaka mia moja, wakibisha mlango mmoja baada ya mwingine, na katika miaka ya karibuni wamefika mahali ambapo wachache walifikiria kutafuta: ndani ya uboho wa mifupa, kwenye seli shina, zile seli mama ambazo mwili huzitumia kujizalia upya.

Turudi nyuma kwanza. Mwaka 1865, mjini Paris, daktari wa jeshi aitwaye Jean-Antoine Villemin alichukua uchafu kutoka kwenye mapafu ya watu waliokufa kwa kifua kikuu, akawachoma nao sungura, na sungura wakaugua. Wakubwa wa tiba wa wakati wake hawakupendezwa. Kwao kifua kikuu kilikuwa udhaifu wa ukoo, kitu cha kurithi kama sura ya pua. Ilichukua miaka 17 zaidi mpaka Robert Koch aliposimama jioni ya tarehe 24 Machi 1882 mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin, akiwa na hadubini na vioo vyake zaidi ya 200 mezani, na kuwaonyesha wenzake vijiti vyembamba vya rangi ya buluu vilivyojitokeza kwenye nyama ya wagonjwa. Aliwakumbusha kwamba mtu 1 kati ya kila 7 wanaokufa anauawa na ugonjwa huu. Alipomaliza, ukumbi ulikaa kimya. Hapakuwa na swali.

Siri ya Koch ilikuwa subira. Kimelea cha kifua kikuu hugawanyika mara moja tu kwa takriban saa 20, ilhali bakteria wa kawaida wa utumbo akipata nafasi nzuri hugawanyika kila dakika 20. Mtafiti mwingine angeangalia chupa zake baada ya siku chache, akaona hakuna kitu, akamwaga. Koch alingoja wiki ya kwanza, akaingia ya pili, ndipo vikaonekana vijipunje vidogo vikavu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu historia yote inayofuata imejaa watu waliodhani hakuna kitu, kumbe hawakungoja vya kutosha.

Mwaka huohuo wa 1882, Mrusi aitwaye Ilya Metchnikoff alikuwa kando ya bahari huko Messina, kisiwani Sicily, akichungulia mabuu ya kiti cha pweza. Aliwachoma miiba midogo ya waridi, na kulipokucha akaona seli za mnyama yule zimeuzunguka mwiba kana kwamba zinataka kuumeza. Hivyo ndivyo walivyojulikana askari wa mwili wanaomeza maadui, na wakubwa wao leo wanaitwa makrofaji. Tangu hapo hadithi ya kifua kikuu ikasimuliwa kama vita vya ana kwa ana kati ya kimelea cha Koch na askari wa Metchnikoff: makrofaji inakimeza kimelea, kimelea kinakataa kufa humo ndani, askari wengine wanakuja kuisaidia makrofaji, na wote wanajenga kinundu kigumu cha kukifungia, kinachoitwa granuloma. Hadithi hii ni ya kweli. Ila haikumaliza maneno.

Dalili ya kwanza kwamba kuna zaidi ilitoka kwa watu wasioonekana kuugua ugonjwa huu. Mwaka 1900, mjini Zürich, Otto Naegeli aliripoti kwamba katika maiti za watu wazima alizozipasua, waliokufa kwa sababu za kila namna, karibu wote walikuwa na makovu ya kifua kikuu. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna akabuni kipimo cha ngozi: tone la tuberkulini, mkwaruzo mdogo mkononi, kisha unangoja kuona kama patavimba. Tuberkulini yenyewe ilikuwa dawa ya Koch ya mwaka 1890, iliyotangazwa kwa shangwe na kuwaangusha waliotumaini kupona. Von Pirquet akaipa kazi nyingine yenye manufaa. Watoto wengi mno wa Vienna wasiokohoa wala kukonda walivimba mkono. Von Pirquet akaihesabu hali hiyo kuwa kifua kikuu kilichojificha. Tangu hapo waganga wakawa na jina la kitu wasichojua kilipo.

Jibu rahisi lilikuwa hili: kimo ndani ya makovu. Ukipiga picha ya mapafu ya mtu aliyeambukizwa zamani, utaona kidoa cheupe cha chokaa. Basi mfungwa yumo gerezani humo. Eugene Opie na Joseph Aronson wa Philadelphia waliamua kuhakiki. Walichukua mapafu ya watu waliokufa kwa maradhi mengine, wakasaga vipande vya makovu na vipande vya nyama isiyo na kovu lolote, kila kimoja peke yake, wakawachoma simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara ambao hata vimelea vichache tu vya kifua kikuu huwaua. Mwaka 1927 wakatoa matokeo. Makovu mengi ya zamani yalikuwa matupu. Lakini vipande vya mapafu vilivyoonekana salama kabisa, visivyo na alama hata ya sindano, mara kadhaa viliwaua simbilisi.

Gereza lilikuwa tupu na mfungwa alikuwa mtaani. Kwa maoni yangu huu ni mmoja wa ugunduzi mkubwa katika historia ya ugonjwa huu, na ajabu ni jinsi ulivyokaa kando kwa miongo mingi. Picha ya ngome inayomzuia adui ilikuwa nzuri mno kuiacha.

Kisha zikaja dawa. Streptomaisini ilipatikana katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey mwaka 1943, mikononi mwa mwanafunzi wake Albert Schatz. Isoniazidi ikafuata mwaka 1952. Watu waliokuwa wamelazwa kwenye hospitali za kifua kikuu wakingoja kifo wakaanza kurudi makwao. Lakini baadhi yao walirudi tena hospitali, na mara nyingine vimelea vyao havikuwa sugu hata kidogo: ukiviweka kwenye chupa na dawa ileile, vinakufa. Kwa nini basi havikufa mwilini?

Aliyeshika swali hili kwa uzito alikuwa Walsh McDermott wa New York, daktari aliyekuwa ameugua kifua kikuu yeye mwenyewe akiwa kijana. Yeye na mwenzake Robert McCune waliwaambukiza panya, wakawapa isoniazidi na pirazinamaidi kwa wiki 12. Walipowapasua baadhi yao hawakukuta kimelea hata kimoja kinachoota. Mapafu safi, wengu safi. Wale waliobaki wakaachwa waishi bila dawa. Baada ya miezi mitatu, takriban panya 1 kati ya 3 alikuwa na kifua kikuu tena, na vimelea vyake viliuawa na dawa zilezile kama zamani. Havikuwa vimejifunza kupigana na dawa. Vilikuwa vimelala mahali, dawa ikapita juu yao. McDermott alikuwa akiiita hali hii ukaaji wa vijidudu, na alikuwa makini kuitenganisha na usugu: sugu ni yule anayekabiliana na dawa na kushinda, mkaaji ni yule ambaye dawa haimkuti akiwa macho.

Hapa historia inakuja nyumbani kwetu. Miaka ya 1960 mgonjwa wa kifua kikuu Afrika Mashariki alitakiwa kumeza dawa kwa mwaka mmoja na nusu, isoniazidi na thiasetazoni, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa nafuu. Fikiria mkulima aliyepona kikohozi mwezi wa pili, anayesikia nguvu zimerudi, anaambiwa amebakiza miezi 16. Wengi walikatiza, na si haki kuwalaumu. Kuanzia mwaka 1970 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na lile la Afrika Mashariki, yakiongozwa na watu kama Wallace Fox na Denis Mitchison, yakawafanyia wagonjwa wa hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia jaribio ambalo wengi walilidhania haliwezekani: kuponya kwa miezi 6.

Werevu wa jaribio lile ulikuwa katika kile lilichokihesabu. Kusafisha makohozi halikuwa tatizo. Mwisho wa miezi 6 karibu kila mgonjwa, dawa zozote alizopewa, alikuwa safi. Watafiti wakangoja, kama Koch na chupa zake. Miongoni mwa waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake, zaidi ya robo walirudiwa na ugonjwa. Pale ilipoongezwa rifampisini, waliorudiwa walikuwa takriban 3 tu kati ya 100. Pirazinamaidi nayo ilipunguza sana. Mitchison akaeleza kwamba dawa hizi mbili zinawafikia waliolala: rifampisini humdaka kimelea anayeamka kwa muda mfupi kisha kusinzia tena, na pirazinamaidi humpata aliye katika mazingira yenye asidi. Matibabu ya miezi 6 yanayotolewa leo duniani kote yalijengwa juu ya makohozi ya wagonjwa wale. Tanzania ikaendelea mbele. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977, kwa ushauri wa Karel Styblo, ulionyesha kwamba nchi maskini inaweza kufuatilia wagonjwa wake wilaya kwa wilaya, na mfano huo ndio Shirika la Afya Duniani lililouchukua katika miaka ya 1990. Yasomwapo majina ya mabingwa wa vita hivi, wagonjwa wa wodi zile nao wanastahili heshima yao.

Bado, 3 kati ya 100 si sifuri. Na hakuna aliyekuwa amejibu swali la chumba.

Wakati huohuo, mahali pengine kabisa, historia ya pili ilikuwa ikiandikwa. Mwaka 1961, mwaka uleule alipougua yule baba wa Denmark, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walionyesha kwamba ndani ya uboho zimo seli chache ambazo kila moja yaweza kuzaa ukoo mzima wa chembe za damu. Waliwapiga panya mionzi hadi uboho wao ukafa, wakawapandikizia uboho mwingine, wakahesabu vinundu vilivyochipua kwenye wengu. Hizo ndizo seli shina za damu. Huko Moscow, Alexander Friedenstein naye akazieleza seli nyingine za uboho zisizozaa damu, bali mfupa na mafuta na gegedu. Baadaye zikaitwa seli shina za mesenkima. Kwa miongo kadhaa watu wa seli shina na watu wa kifua kikuu walihudhuria mikutano tofauti na kusoma majarida tofauti.

Hata hivyo dalili zilikuwepo kwamba kifua kikuu hufika kwenye mfupa. Percivall Pott wa London alikwisha kueleza mwaka 1779 kibiongo kinacholemaza miguu, ambacho leo tunajua ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Baadhi ya maiti zilizokaushwa za Misri ya kale zina migongo iliyopinda vivyo hivyo. Na daktari yeyote aliyewahi kuhangaika na mgonjwa wa UKIMWI mwenye homa isiyoeleweka anajua kwamba mara nyingine uboho ukivutwa kwa sindano na kuoteshwa, kifua kikuu hujitokeza. Mfupa haukuwa mahali pageni kwa kimelea hiki. Lakini huo ulikuwa ugonjwa ulioamka. Aliyelala ndiye hakuonekana.

Mwaka 2000 timu ya Rogelio Hernández-Pando wa Mexico ilirudia wazo la Opie kwa zana mpya. Walichunguza mapafu ya watu wa Mexico na Ethiopia waliokufa kwa sababu nyingine, wakitafuta vinasaba vya kimelea ndani ya nyama isiyo na kovu. Walivikuta, na tena si kwenye makrofaji pekee. Vilikuwa pia kwenye seli za kuta za mapafu, seli za mishipa ya damu, seli za nyuzinyuzi. Miaka 6 baadaye wengine wakavikuta kwenye mafuta ya mwili. Kimelea kikaanza kuonekana kama mpangaji mwenye vyumba vingi.

Mlango wa seli shina ulifunguliwa New Delhi. Mwaka 2010 Gobardhan Das na wenzake walikuwa wakichunguza panya walioambukizwa, na pembezoni mwa granuloma wakaona seli ambazo hazikutegemewa: seli shina za mesenkima, zimejipanga kati ya vimelea na askari wa kinga. Kazi ya kawaida ya seli hizi ni kutengeneza palipoumia na kutuliza uvimbe, na ili kutuliza, huwazuia askari wasiendelee kupiga. Kwa jirani aliye na jeraha hiyo ni huruma. Kwa kimelea ilikuwa mwavuli. Askari walifika, wakakuta mama amesimama mbele ya mlango akiwaambia nyamazeni.

Miaka mitatu baadaye ikaja kazi ambayo ndiyo kiini cha hadithi hii. Bikul Das, mzaliwa wa Assam aliyekuwa akifanya utafiti Chuo Kikuu cha Stanford, akishirikiana na Antonio Campos-Neto wa Massachusetts, alijiuliza kama vimelea vinaishia kusimama nyuma ya seli shina au vinaingia ndani yake. Katika bakuli za maabara viliingia. Katika panya waliobeba maambukizi yaliyolala, vilionekana ndani ya seli shina za mesenkima za uboho. Kisha wakaenda kwa watu, huko Arunachal Pradesh, milimani kaskazini mashariki mwa India, miongoni mwa waliokuwa wameugua kifua kikuu na kumaliza dawa zao chini ya uangalizi. Walikubali kuvutwa uboho. Ndani ya seli zile mkakutwa vinasaba vya kimelea, na kwa baadhi yao vimelea vyenyewe, hai, vinavyoota. Watu hawa walikuwa wamepona kwa kila kipimo cha hospitali.

Kwa nini pale? Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo uzito wa jambo ulipo.

Seli shina ni akiba ya mwili. Makrofaji ikiharibika ni hasara ya siku moja; seli shina ikiharibika, kasoro yake inarithiwa na kila kizazi kitakachotoka kwake. Kwa hiyo mwili unaihifadhi kwa kila njia. Unaiweka ndani ya mfupa, pembe zenye oksijeni haba, mbali na pilikapilika. Unaiacha ilale muda mwingi, isigawanyike ovyo. Umeipa pampu kwenye ukuta wake, mojawapo ikijulikana kama ABCG2, inayosukumia nje kemikali ngeni kabla hazijaleta madhara. Na ndani yake haiwaki ule moto wa kemikali kali ambao makrofaji huutumia kuchoma ilichomeza, kwa sababu moto huo ungemuunguza mama mwenyewe.

Sasa viangalie vitu hivyo kwa jicho la kimelea. Oksijeni haba ndiyo hali ambayo tangu zamani wataalamu waliitumia kukilaza kimelea hiki ndani ya chupa zilizofungwa: hewa ikipungua taratibu, kinaacha kuzaa, kinapunguza pumzi, kinangoja. Pampu ya kutupa sumu inaweza kuzitupa pia baadhi ya dawa za daktari. Hakuna moto wa kukichoma. Na mwenye nyumba ni seli inayoishi muda mrefu, haifi baada ya siku chache kama baadhi ya askari wa kinga. Kila kinga ambayo mwili umeijenga kumhifadhi mama, kimelea kimejifunika nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hiki kimepita nguo, kikapita ngozi, kikaingia ndani ya mfupa.

Baada ya hapo kazi zilifuatana kwa kasi. Mwaka 2014 na 2015 majaribio ya panya na ya binadamu yalithibitisha kwamba vimelea hubaki hai ndani ya seli za mesenkima baada ya matibabu, hasa zile zilizo kwenye pembe zenye oksijeni haba. Mwaka 2020, timu mbili za India zilieleza jinsi kimelea kinavyobadilika kikishaingia humo: seli inajaa vitone vya mafuta, kimelea kinatulia katikati yake, na isoniazidi na rifampisini zinapungua makali.

Seli shina za damu nazo hazikusalimika. Mwaka 2017 Julia Tornack na wenzake wa Taasisi ya Max Planck ya Biolojia ya Maambukizi, iliyopo Berlin, mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka ulipokuwa ukumbi wa Koch, waliripoti vinasaba vya kimelea ndani ya seli shina za damu za watu wenye maambukizi yaliyolala. Jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa seli shina za damu hazikai zote uboho. Chache hutoka, zikazunguka na damu, zikarudi. Mwaka uliofuata jaribio jingine likaonyesha kwamba seli za aina hiyo zilizoambukizwa, zikihamishiwa kwa panya mzima, zinampa ugonjwa. Mahali pa kulala pakawa pia gari la kusafiria. Inaweza kuwa hivyo ndivyo kimelea kinavyofika kwenye figo, uti wa mgongo au utando wa ubongo miaka mingi baada ya mapafu kutulia, ingawa kwa binadamu safari hiyo haijashuhudiwa hatua kwa hatua.

Kuna na jambo lililonigusa zaidi, kutoka Montreal. Maziar Divangahi na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba chanjo ya BCG, ikiingizwa kwa panya kupitia mshipa wa damu, inafika kwenye uboho na kuzifundisha seli shina kuzaa askari wakali zaidi. BCG ni mtoto wa Albert Calmette na Camille Guérin wa Lille, waliokipandikiza kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe mara 230 katika miaka 13 mpaka kikapoteza makali. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921, na alama yake ipo kwenye mkono wa karibu kila msomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2020 timu ileile ikaja na upande wa pili: kimelea halisi kikifika kwenye uboho kinafanya kinyume. Kinazifundisha seli shina kuzaa askari wachache na dhaifu, na somo hilo linadumu muda mrefu. Chanjo na adui, ndugu wa damu, wanagombea chuo kimoja.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kesi imekwisha. Kukuta vinasaba si sawa na kukuta kiumbe hai. Hata mwizi aliyekufa huacha alama za vidole. Makrofaji na granuloma bado ndio uwanja mkuu wa vita. Kuanzia mwaka 2018 Marcel Behr na wenzake wawili waliwakumbusha madaktari kwamba wengi wanaougua huugua ndani ya miaka miwili tangu kuambukizwa, na kwamba huenda watu wengi wenye kipimo chanya walikwisha kumshinda kimelea zamani. Mkono unavimba kwa kumbukumbu tu. Nakubaliana nao kwamba ile hesabu inayotajwa mara kwa mara, kwamba robo ya watu wote duniani wana maambukizi haya, ni hesabu ya waliokutana na kimelea, si lazima wanaoendelea kukibeba. Lakini hoja hiyo, kwangu, inaongeza haja ya kukijua chumba. Tukijua pa kubisha, tutaweza kumtofautisha aliyepona kabisa na aliyebeba.

Hapo ndipo kazi ya Ethiopia, iliyochapishwa mwaka 2021, inapokuwa na thamani. Mulugeta Belay na wenzake hawakuvuta uboho wa mtu, jambo linaloumiza na lisiloweza kufanywa zahanati. Walichukua damu ya kawaida ya mkononi kutoka kwa watu walioishi karibu na wagonjwa wa kifua kikuu, wenyewe wakiwa hawaumwi chochote, wakazitenga zile seli shina chache zinazopita na damu. Kwa wengi wao vinasaba vya kimelea vilikuwemo, na vilikutwa zaidi kwenye seli shina kuliko kwenye chembe nyingine. Wapo walioonekana navyo hata pale vipimo vya kawaida vya kinga viliposema hawakuambukizwa. Na miongoni mwa waliokuwa wakiishi na VVU, waliopewa isoniazidi ya kuzuia ugonjwa, alama hizo zikapungua baada ya dawa.

Opie alihitaji maiti na simbilisi. McDermott alihitaji kuwaua panya wake ili ajue kilichomo. Fox na Mitchison walilazimika kungoja miezi na miaka waone nani atarudi akikohoa. Huko Ethiopia watu wale walinyoosha mkono, wakakunja ngumi, sindano ikaingia, na kutoka kwenye damu ile kikasikika kitu kilichokuwa kimenyamaza.